Yai Ulilompa Dada Yako

Mpendwa mwanangu Paulina,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Nangara. Baba yako hajambo, ni goti tu linamsumbua kukiwa na baridi. Bibi yako hajambo, anakuulizia kila akiamka. Kaka yako Daudi hajambo, ameshamaliza palizi. Dada yako Selina hajambo na mumewe. Na Elia naye hajambo, ameota jino. Hapo kalamu yangu ilisimama, maana sikujua nikuandikie ni mtoto wa nani.

Simu zangu hupokei, ila ujumbe wako nimeusoma. Unasema Jumapili kwenye ubatizo utawaambia wakwe wa Selina wote kwamba Elia ametoka kwenye yai lako. 

Sikulaumu. Ni mimi niliyekusukuma. Unakumbuka siku ile jikoni tunachambua mchicha? Daktari alishasema mayai ya Selina hayafai, na wakwe zake kule Bonga wameanza kumtafutia mumewe mke mwingine. Nikakuambia, "Mpe tu dada yako. Mtoto wake si mtoto wako? Si utakuwa mama mdogo?" Ukacheka. "Mama, unaongea kama vile naazimisha sufuria!" Ukaenda, ukachomwa sindano siku zote zile, nami nikaona ni jambo la ndugu, limekwisha. Kumbe sikujua lolote.

Halafu siku ile ulipokuja kumwona Elia. Mtoto analia, ukamchukua, akanyamaza. Selina akasema, "Mpe mama yake," akakunyang'anya. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikombe cha uji. Ukapanda basi la Singida siku hiyo hiyo.

Mume wa Selina anajua, ila kwao hawajui. Mama mkwe anambeba mtoto anatamba, "Ona pua hii! Hii ni ya kwetu!" Selina anatazama chini. Wakijua, watamfukuza. Ukinyamaza, utaumia wewe. Baba yako hajui kitu, na mchungaji naogopa kumwambia. Nimeomba hadi maneno yameniishia. Nikikuzuia nakuonea, nikikuacha namwangamiza dada yako.

Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi, japo neno moja. Hata kama unakuja kusema, fikia kwangu kwanza, ule, nikushike.

Ni mimi mama yako, na wa Selina pia.