Galoni Chini ya Khanga

Jumatatu, 5 Machi
Nimepima tena. Lita mbili kasoro kidogo. Daktari anataka mkojo wote wa kaka Elieza, wa usiku na mchana, nimpelekee hospitali kila asubuhi. Wiki ya sita tangu tupasuliwe ng'ambo, apewe figo langu la kushoto. Akojoe yeye, nibebe mimi. Galoni nalifunika kwa khanga. Sitaki Kariakoo nzima ijue.

Jumatano, 7 Machi
Lita moja na nusu. Sijapenda. Wanawake wa foleni ya unga wa njano wamenikodolea macho. Salamu wamejibu nusunusu.

Alhamisi, 8 Machi
Fedheha! Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, kanizuia mlangoni akiwa na wanawake wawili wenye chupa tupu. Eti nafanya magendo ya mafuta ya kupikia.
"Fungua galoni, Mama Neema. Chama hakina shemeji."
"Shikamoo mzee. Nakuomba usifungue."
Akafungua. Akainamisha pua kabisa. Mwenye chupa kubwa ndiye aliyekimbia wa kwanza. Nimecheka mpaka mshono ukauma.

Ijumaa, 9 Machi
Mzee Shomari kaja na robo kilo ya sukari kuomba radhi. Sukari! Sijauliza imetoka wapi. Sasa anaulizia galoni kama anavyoulizia watoto. Nimemwambia ukweli: lita moja.

Jumamosi, 10 Machi
Nusu lita. Mguu wa kaka umevimba, na tumbo upande wa figo. Anasema ni unga wa njano. Mjinga. Naogopa sana. Hili likifa, sina jingine la kumpa.
Mzee Shomari kaona galoni lilivyo jepesi. Akasimamisha gari la ushirika, akateremsha magunia ya unga, akatupakia sisi. Foleni nzima ikalalamika. Gari likagoma kuwaka, foleni hiyohiyo ikalisukuma.

Jumapili, 11 Machi
Maji yamejikusanya kando ya figo, yanabana njia ya mkojo. Figo lenyewe zima. Wamemwekea mrija, yametoka bakuli tele. Kaka kazinduka usingizi wa dawa, kauliza kama kuna chai. Nilitamani kumzaba kofi.

Jumanne, 20 Machi
Mrija umetolewa. Kaka yuko nyumbani. Daktari kasema basi, hakuna kupima tena.
Adhuhuri nilikuwa uani nachambua maharage. Kaka akapita kwenda chooni, akafunga mlango. Nikaacha maharage, nikasikiliza. Mkojo ukamiminika muda mrefu. Nimelia kidogo, kisha nikaendelea kuchambua.