Mama Kafanywa Daktari kwa Kiitaliano

Shoga, uko wapi? Nimeumbuka leo, na bado nacheka peke yangu huku chooni.

Unaukumbuka ule mtihani wa kuzungumza Kiitaliano wiki iliyopita? Tulitakiwa tueleze kazi za wazazi. Mimi nimefika somo la tatu tu, na kitabu mpaka hapo kina kazi tatu: daktari, mwalimu na mwokaji mikate. Fundi cherehani kama mama hayumo! Basi nikamfanya mama daktari. Mwalimu akafurahi, akanipa alama nzuri.

Sasa leo nimesahau miwani nyumbani. Mama kaniletea hadi mlangoni mwa darasa, futi yake ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Mwalimu ile kutoka tu, kamshika mkono: "Mama daktari! Hili bega linanisumbua mwaka mzima."

DAKTARI, shoga! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama akanitazama mimi. Akalitazama bega. Akamzunguka mwalimu mpaka mgongoni, taratibu, kama anampima suti. "La kushoto limeshuka kuliko la kulia. Acha kubeba mkoba upande mmoja."

Mwalimu mdomo wazi! Eti madaktari wawili hawakuliona hilo. Hawakuliona!

Nikajua tumepona. Kumbe bado. Mwalimu akauliza kama anaweza kuja kliniki Jumamosi.

Mama, bila hata kupepesa macho: "Karibu sana. Njoo na kitambaa, mita tatu."