Mkono wa Jamal

Isiolo, Jumamosi, Agosti 1988

Na bado sijaridhika. Shemeji yangu Jamal alikuja leo mchana na mashine ya CD kutoka Nairobi, eti nisikie albamu ya roki ambayo mimi ninayo kwenye santuri. Yake imesafishwa sauti upya studio.

Tulicheza santuri, kisha CD. Kweli CD haikuwa na mikwaruzo, na gitaa lilijaa nyumba nzima. Nikaanza kuzionea haya santuri zangu.

Tuliporudia, nikamtazama mkono. Zamu ya CD ikifika, anaongeza sauti kidogo. Nikashika kitufe mwenyewe, na mke wangu Halima akasikiliza akiwa amefumba macho. Sauti zikiwa sawa, akachagua santuri.

"Hizo santuri siku hizi ni takataka tu, shemeji," Jamal akasema. "Nipe zote, nikuachie mashine."

Nimemwambia nitafikiria. Mashine naitaka, sikatai.

Lakini nilipomsindikiza kwenye pikapu yake, niliona nyuma katoni tupu zenye upana wa santuri, na blanketi la kuzifunika zisipate vumbi. Tangu lini takataka ikaletewa blanketi?