Nilisema Kibumba Kumetulia

Jumatatu, 3/4/2023
Nimefika nyumbani kwangu Himbi jana, kutoka bungeni Kinshasa. Leo Papa Ferdinand, mukubwa wa chama hapa Goma, amekuja kabla sijamaliza chai. Anataka kesho niongee kwa redio: watu wa Kibumba waliokimbia vita watoke kambini, warudi kulima. Uchaguzi unakaribia, anasema, watu waone tumefanya kitu. Nikamuuliza kama kuna mutu amepita mashambani kutafuta mabomu. Hilo litafuata, akasema.

"Wewe ni mutoto wa jembe, Honorable. Watakusikia wewe."

Maana yake hakuna aliyepita. Nilielewa vizuri. Nikakubali.

Jumanne, 4/4
Nimesema. Bila karatasi, kwa Kiswahili cha nyumbani. Nikataja udongo wetu mweusi, mvua, mbegu za viazi zinazooza chini ya mahema. Kibumba kumetulia, rudini mupande. Mutangazaji amenisifu. Nimekula vizuri mchana — hata hilo naliandika.

Jumatano, 5/4
Twagirimana amepiga simu kutoka kambini. Mudogo wangu, yeye aliyebaki na shamba la baba. Anafunga mizigo. Wengine walisita, akawaambia dada yake hawezi kuwadanganya. Olive, muke wake, anataka wangoje Pasaka ipite.

Ningesema neno moja tu: ngoja. Lakini nikimuzuia ndugu yangu, nitawaambia nini wengine?

Nikamuambia asalimie shamba. Asalimie shamba!

Jumatatu, 10/4
Jana Pasaka. Nilikaa benchi la mbele kanisani. Twagirimana ametuma salamu: yuko Kibumba, ameanza kulima, udongo ni laini.

Alhamisi, 13/4
Jembe la Twagirimana limegonga bomu. Upande wa chini wa shamba, pale tulipokuwa tunapalilia mimi na yeye tukiwa watoto. Majirani wamemubeba kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, mpaka barabarani, gari la mboga likamuleta Goma. Muguu wa kushoto umekatwa.

Olive ndiye aliyenipigia. Hakulia, hakunilaumu. Alitaja hopitali tu, akakata.

Kisha Papa Ferdinand akapiga. Pole nyingi. Tuseme ni ajali ya shambani, anashauri, redio isitajwe. Sikujibu. Amechukua kimya changu kuwa ndiyo. Na ndivyo kilivyokuwa.

Ijumaa, 14/4
Hopitali. Nilipoingia, Olive alitoka. Twagirimana ameshawaambia wagonjwa wote dada yake ni depite, mubunge wa Kinshasa; muganga akaniletea kiti kizuri. Nilitamani kukaa chini kwenye simenti.

Nikalia. Yeye ndiye akanishika mukono.

"Usilie, dada. Hata wewe walikudanganya. Ni nani alikuambia kule ni salama?"

Jina la Ferdinand lilinifikia mudomoni upesi sana. Ningelitaja, angeamini, na ningebaki dada yake yule yule wa zamani. Lakini Ferdinand hakunidanganya. Nilimuuliza, na jibu nililisikia.

Nikasema sikumbuki vizuri.

"Jaribu kukumbuka," akasema. "Nataka kumusamehe, nisikae na chuki."

Nikamuambia naenda kumutafutia maji. Sasa niko kwenye benchi la nje, chupa imejaa, naandika ili nisirudi ndani. Olive ametokea mulangoni. Anasema Twagirimana anauliza kama nimeshamukumbuka yule mutu. Olive hataki kuondoka bila jibu. Amesimama hapa, ananitazama nikiandika.