Rangi ya Gauni la Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Fundi Brashi, kama anavyojulikana mtaani
Umri: miaka 41
Kazi: fundi wa kupaka rangi nyumba
Makazi: chumba na sebule nyuma ya kiwanda cha magodoro, pamoja na mama yake mzazi

Mama yangu ana miaka sabini na mitatu na kumbukumbu zake zinapotea. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Ndiyo sababu nilitaka kamera, nimpige picha angali ananijua. Upigaji picha si kazi yangu, ni mapenzi tu, na simu yangu humtoa uso kama umepigwa chokaa.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne asubuhi, nilifika naye kwenye duka la kamera lililo chini ya jengo la bima. Nilizotaka zilikuwa mbili, zote zile ndogo za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani, za bei ya mtu wa hali yangu. Moja mpya, inalitafuta jicho la mtu yenyewe, inalishika na hailiachi. Nyingine ya mtumba, nzito kushika, ila rangi zake tamu. Nimezilinganisha kwenye video miezi mizima, mpaka dada yangu akanitania kwa simu, "Kaka, umechumbia wawili kwa mpigo, oa mmoja tupumzike."

Muuzaji aliniruhusu kuzijaribu. Nilimketisha Mama kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, penye mwanga, nikampiga picha kwa hii na kwa ile. Mwanzoni alicheka. Baadaye akasema, "Baba, hujamaliza? Twende nyumbani." Nikamjibu, "Bado kidogo, Mama. Tulia hapohapo, usitikisike." Akasema, "Haya, baba." Sijamsikia tena.

Nilirudi kaunta, nikaupa mlango kisogo. Niliweka kamera mbili sambamba, nikakuza picha mpaka jicho lake likajaa kioo, tukawa tunaangalia kope. Muuzaji alisifu kope za ile mpya. Nikasema sawa, lakini ngozi imepauka. Tulibishana, na nakiri nilikuwa nafurahi.

Nilipogeuka kumpiga picha nyingine, kamera mpya ilikuwa tayari usoni kwangu. Ikahangaika kutafuta jicho, ikakosa. Nikauliza, "Hii mbona haishiki?" Muuzaji akasema, "Itamshika nani, fundi? Kiti kitupu."

Nilitoka mbio. Nilizunguka jengo, nikaingia kituo cha mabasi, nikagonga hata milango ya vyoo. Nilikuwa naita "Mama!" barabarani, wakageuka wanawake wasionihusu.

Afande ameniuliza alivaa nini. Gauni refu, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Ameniuliza rangi. Kwenye kamera mpya ni bluu. Kwenye ya mtumba ni kijani. Muuzaji anasema yeye alikuwa akimtazama mteja. Asubuhi Mama alijivalia mwenyewe, hilo bado analiweza, nami nilikuwa mlangoni nikimharakisha huku macho yangu yakiwa kwenye simu.

Afande, mimi ni fundi rangi. Nionyeshe ukuta wowote, nitakuchanganyia rangi yake bila kupima. Hili la Mama siwezi kuliapia. Nikisema bluu na kumbe ni kijani, mtu atampita hivihivi. Nimefumba macho hapa mbele yako nijaribu kumwona, na ninachokiona ni zile picha mbili. Naogopa sana. Jua linazama na hana sweta.

Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo yalivyokuwa. Rangi ikinijia nitasema.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, afande wa zamu, saa kumi na mbili jioni. Picha mbili zimeletwa na muuzaji na zote zimetumwa kwa askari wa doria. Shahidi ameshauriwa akasubiri nyumbani, amekataa. Yuko kwenye benchi la mapokezi, na kila anapoingia mama yeyote, yeye huinuka. Sehemu ya rangi ya gauni nimeiacha wazi.