Mafuta ya Mbono kwenye Kibuyu cha Kailemia

Mpendwa Shangazi Nelius, naomba unijibu kabla ya Jumapili maana Jumapili ndiyo siku yenyewe. Mimi ni Kajuju wa Githongo, nina miaka ishirini na sita, nimeokoka, na nataka mzee wa kanisa aharishe mbele ya watu.

Mzee mwenyewe ni jirani yetu Kailemia. Alingoja tumzike baba, wiki ya pili akaukata mti wa makadamia ambao baba aliupanda mwaka niliozaliwa, ati majani yanaziba mifereji yake, na mti ulikuwa kwetu Shangazi, hatua sita nzima ndani ya mpaka, na hapo chini yake ndipo nilikuwa naongea na baba, sasa naongea na kisiki, na huyo mzee hajasema hata pole, chifu naye anasema tusameheane.

Sasa kanisa linaigiza tamthilia ya Mwalimu Karwirwa, ambapo binti anamtilia sumu kwenye uji ami aliyemuua babake, na binti ni mimi, na ami ni nani? Kailemia! Kila mazoezi akianguka watu wanapiga makofi, hata mke wa pasta anasema aliyataka mwenyewe. Na mimi pia nakufa, lakini hiyo ni sehemu fupi. Mazoezini kibuyu cha uji huwa kitupu ila Jumapili kitakuwa na uji kweli, nami nimeshanunua mafuta ya mbono pale soko la Gakoromone. Shangazi, kama kuua kunapigiwa makofi kanisani, kukimbilia choo kuna dhambi gani?

Kajuju, Githongo

Kajuju, kwanza pole sana. Huyo mzee alikukosea, na anayekuambia ulikuwa mti tu hajawahi kuzika baba. Hasira yako ni ya haki.

Sasa nyamaza nikugombeze. Ati sehemu fupi? Tamthilia ya Karwirwa naijua. Hiyo ndiyo tamthilia yenyewe! Kwani huyo binti anakufa na malaria? Anakufa kwa sababu hapa kwetu anayekupa uji huonja kwanza, na ami hagusi kibuyu mpaka aone koo la binti limemeza. Umekariri hayo maneno wiki ngapi na hujayasikia? Mazoezini mlikuwa mnameza hewa. Jumapili Kailemia, ambaye amekunywa uji kwenye mahari za kijiji kizima, atashika hicho kibuyu akungoje. Kanisa lote litakungoja. Na hiyo gauni nyeupe ya maigizo utakimbia nayo wapi?

Watu wanapiga makofi kwa sababu wanajua Kailemia ataamka anywe chai. Binti alikuwa na kila haki ya kulia na kumtaja muuaji hadharani. Hakuwa na mtu wa kumshauri aanzie hapo. Wewe unaye, na amekasirika.

Mafuta ya mbono paka nywele. Jumapili igiza vizuri, na ukifika pale pa kumuuliza ami kisa cha kukunyang'anya baba, mwangalie Kailemia machoni. Jumatatu asubuhi nenda kwake na mamako na mzee mwingine wa kanisa, mwambie unataka mche wa makadamia, na shimo alichimbe yeye, kando ya kisiki. Akikataa, mrudishe kwa chifu, na safari hii upige kelele. Akikubali, usimsaidie hata kushika jembe. Keti hapo umwangalie.

Akimaliza, mpelekee uji. Onja wewe kwanza.