Nusu Sekunde Kabla ya Neno la Kwanza

Mama Bernadeta mpendwa,

Uniwie radhi kwamba ninakuandikia mbele ya watu wote, wewe uliyependa mambo ya nyumba yabaki nyumbani. Ninayo sababu. Nilikukosoa hadharani, redioni, vituo vyote vya Kasongo na Kabambare vikisikiliza. Haingekuwa haki nikutake radhi kwa kunong'ona kaburini.

Bila shaka unaikumbuka asubuhi ile. Wewe ulikuwa mkunga kule Wamaza, mimi nilishika foni, ile redio ya kuongea na vituo, ya misheni hapa Kasongo, na kila siku saa moja sauti yako ndiyo iliyotangulia. "Kasongo, Kasongo, hapa Wamaza." Nami, kwa kiburi cha mtu aliyefundishwa kazi na mapadri, nikakujibu: "Wamaza, kituo huitwa mara moja tu. Batri si ya kuchezea." Ukasema: "Ndiyo, Papa fundi. Na salamu je, nikupe nusu?" Vituo vyote vilicheka, mimi sikucheka. Tangu kesho yake nilisikia "Kasongo" moja, nikajisifu moyoni kwamba nimeoa mwanamke msikivu.

Sasa nikueleze kazi iliyonishika tangu ulipotuacha. Binti yetu Bernadeta, aliyesomea kompyuta Bukavu, alileta kompyuta ndogo mbili za kuenea kiganjani, pamoja na redio mbili za kutuma maandishi: moja ya hospitali hapa Kasongo, nyingine ya Wamaza, ambako hadi leo simu haishiki. Mkunga akipata shida angeandika, ujumbe ufike palepale, pikipiki iondoke. Lakini kompyuta haikuijua redio. Redio hizi huunganishwa kwa mlango uitwao serial, ambamo herufi hupita moja moja, kama wanafunzi wakiingia darasani kwa mstari. Kiini cha mfumo, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamuru vifaa vyote, kiliuona mlango, hakikuiona redio iliyo nyuma yake. Ilihitajika programu ya kukifundisha kiini. Wenyewe huiita dereva. Kwa redio za namna hii hatukuipata popote. Bernadeta ana kazi yake na watoto wake. Basi nikaiandika mimi, mzee wako, na yeye akinisahihisha kwa barua pepe kila nilipofika penye mtandao.

Usicheke. Ndani ya kiini hakuna kosa dogo: nikisahau alama moja, kompyuta nzima iliganda, nami nikaanza upya. Hata hivyo ilifika siku dereva ikakubali. Ikabaki aibu moja. Kila ujumbe ulifika umekatwa kichwa, na kompyuta ya hospitali, isipoona jina la mtumaji, iliutupa. Nililaumu waya. Bernadeta alilaumu mwendo wa herufi. Daktari mkuu wa zoni yetu ya afya, mtu mpole, alisema: "Papa, nakuheshimu sana. Nakupa mpaka Jumatatu. Ujumbe kumi toka Wamaza, zote kumi zifike nzima. Zisipofika, hivi vyombo tunavipeleka zoni ingine."

Jumamosi Mama Zaina, aliyeshika foni ya Kabambare miaka yetu, alipita kunisalimu akitoka sokoni. Nilimlalamikia kwa urefu. Akacheka mpaka akatua kikapu.

"Papa Bernadeta, mpaka leo haujui? Redio ukiifinya kifungo, inaamuka kwanza. Neno la kwanza inalikula."

"Samahani, Mama. Mke wangu aliita mara moja, nami nilimsikia vema."

"Mara moja! Alikuwa anaita mara tatu, weye unasikia mbili. Ulipomugombeza akaita mara mbili, ukasikia moja, ukafurahi. Akatuambia sisi wote: 'Muite mara mbili, na Papa asiambiwe. Ataona haya.'"

"Na mimi mbona mlinisikia?"

"Weye ulikuwa unakohoa kwanza. Kikohozi ndicho kilikuwa kinaliwa!"

Mama Bernadeta, miaka yote ile mlinificha, na wewe ukiwa kiongozi wao. Niliona haya kweli, kisha nikakimbilia mezani.

Niliiagiza dereva ifungue redio, ingoje nusu sekunde, ndipo itume herufi ya kwanza. Kompyuta ikaganda. Kumbe ndani ya kiini kuna mahali ambapo kulala ni marufuku. Anayesinzia hapo huwasimamisha wote. Nikakukumbuka ukiwa zamu, akina mama watatu wakiugua uchungu kwa pamoja. Hukuketi kumngoja mmoja. Ulimwachia msaidizi saa yako, akuite wakati ukifika, nawe ukamhudumia mwingine. Nikafanya vivyo hivyo: kungoja nikaikabidhi saa ya kiini, dereva ikaendelea na mengine mpaka iitwe. Jumapili pikipiki ikampelekea mkunga wa Wamaza dereva hiyo mpya kwenye kadi.

Jumatatu daktari alisimama nyuma ya kiti changu, wauguzi wakijaza mlango. Ujumbe wa kwanza ukafika, jina la Wamaza likiwa mbele. Wa pili. Wa tano. Muuguzi mmoja alikuwa akihesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Wa kumi ulipoingia mzima, walipiga vigelegele, na daktari akatia karatasi sahihi juu ya goti lake: vyombo vinabaki Wamaza. Nikaomba ruhusa ya kushika foni ya zamani, nikaviambia vituo vyote kwamba Mama Bernadeta ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosa. Kabambare wakajibu: "Umechelewa, Papa, lakini umefika."

Alhamisi ulikuja ujumbe usio wa majaribio. Mama wa uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Pikipiki iliondoka kabla sijamaliza kuusoma kwa sauti. Ijumaa nilikwenda wodini kuwaona. Mtoto alikuwa akinyonya, na mama yake aliniuliza kwa adabu mimi ni nani. Nikasema mimi ni fundi tu, nikaomba radhi kwa kumsumbua.

Unanijua. Naomba radhi hata kwa kiti nilichokigonga. Mapadri walinifundisha kuyaogopa majivuno, nami niliyaogopa maisha yetu yote. Basi uniwie radhi kwa karipio lile, na kwa kila asubuhi niliyojiona nimekushinda. Kwa furaha niliyo nayo leo, siombi radhi. Nimeandika dereva, Mama Bernadeta, na inafanya kazi.

Pumzika vema, mkunga wangu.

Mumeo,
Baba Bernadeta